Konsoli ya faiba kwa gari la spoti, kwa joto la Mombasa

Kopo la rizini, ule uji wa kemikali unaoganda kuwa plastiki ngumu, halijui kuwa limefika Mombasa. Maelekezo ya ubavuni yameandikwa kwa fundi aliye kwenye karakana yenye joto la nyuzi 20 au 25, na kwake hadena (dawa ya kugandisha rizini) ya asilimia 2 haina tatizo. Nilipoanza kazi hii niliyafuata neno kwa neno. Mwezi wa pili, kaskazi kali, chini ya mabati ya Changamwe saa saba mchana, nikachanganya kilo nzima kwenye ndoo ya plastiki nikidhani naokoa muda. Sikufika nusu. Rizini iliganda kama halua, ikaanza kutoa moshi, ndoo ikalainika na kulala upande, na mteja wangu aliyekuwa amekaa juu ya tairi akauliza kwa upole, "Fundi, ndivyo inavyotakiwa?"

Kwa hivyo vipimo nitakavyotaja hapa ni vya kwetu. Mfano wangu ni konsoli ya katikati, kile kifuniko cha kati ya viti viwili vya mbele, ya Toyota Celica, ile ya umbo la 1999 hadi 2006, yenye matundu matatu ya geji mbele ya gia: presha ya oili, joto la oili na volti. Gari lako likiwa Mazda RX-8 au Nissan Fairlady, mambo ni yaleyale, umbo tu ndilo linalobadilika. Na ukiiweza konsoli, podi za spika za mlangoni, yaani vibweta vya kuzibeba, ni kazi ya mchana mmoja. Vijana wanaopamba matatu hufanya hivihivi, ila wao kipimo chao ni basi zima.

Vitu vya kununua

Rizini ya poliesta ya kawaida, ile wanayotumia watengeneza mashua na matangi. Hadena yake. Mkeka wa faiba wa gramu 450, yaani mita moja ya mraba ina uzito wa gramu 450. Asetoni ya kuoshea brashi. Hivi vyote utavipata kwenye maduka ya vifaa vya mashua au ya rangi za magari. Usishawishike kununua epoksi, rizini ya aina nyingine, kwa sababu haina harufu kali. Nyuzi za mkeka huu zimeshikanishwa kwa unga ambao huyeyushwa na staireni, kimiminika chenye harufu kali kilicho ndani ya poliesta. Epoksi haina staireni, kwa hivyo mkeka utabaki mgumu na hautakubali kulala kwenye kona.

Kisha kitambaa. Hapo ondoka kwenye hadiwea, nenda Biashara Street, ulizia flisi ya sweta, ile inayovutika. Usikubali mpaka uivute mwenyewe kwa urefu na kwa upana, maana nyingine huvutika upande mmoja tu na hiyo itakukunjia kila kona. Mwenye duka mmoja aliniona navuta majora yake moja baada ya jingine akaniuliza, "Unashona nini, baba?" Nikamwambia nashona gari. Alinipunguzia bei, nadhani kwa kunihurumia.

Hesabu ya rizini si ya kukisia. Konsoli yangu ilikuwa na eneo la karibu mita za mraba 0.4. Tabaka tatu za mkeka wa 450 ni gramu 540 za mkeka, na kila gramu ya mkeka hunywa gramu 2 hadi 2.5 za rizini, kwa hivyo kilo 1.1 hadi 1.35. Ongeza ya kulowesha flisi, ambayo hunywa kama sifongo, na ya kuchanganya na filla, ule uji wa kuzibia mabonde, baadaye. Nunua kilo 3. Tabaka tatu hizo zitakupa unene wa karibu milimita 3, na kwa kitu kinachoegemewa kiwiko kila siku hilo linatosha. Kuna wanaoweka tano au sita. Wanaongeza uzito tu, na gari la spoti mtu hulinunua liwe jepesi.

Sindano ya mililita 5 ya duka la dawa, isiyo na ncha, ndiyo kipimo cha hadena. Kwa gramu 200 za rizini, asilimia 1 ni gramu 2, pungufu kidogo ya mililita 2. Hicho ndicho kipimo changu cha hapa, na sichanganyi zaidi ya gramu 200 au 250 kwa mara moja. Usishuke chini ya asilimia 1 ukitaka kujinunulia muda. Rizini itaganda, lakini haitaiva, na utakuwa na konsoli inayonuka na kulegea miezi sita. Ukitaka muda zaidi, anza kazi saa moja asubuhi na ukifika saa nne weka brashi chini. Baada ya kuchanganya, mimina kwenye sahani pana. Rizini iliyorundikana kwenye kikombe chembamba hujipasha moto yenyewe. Ikitandazwa, joto hupata pa kutokea.

Macho, mapafu na ngozi

Hapa sina mzaha. Hadena ikiruka jichoni inaweza kulipofua, kwa hivyo miwani ya kinga huvaliwa kabla ya kufungua chupa, si baada. Ikitokea, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 na zaidi, na moja kwa moja hospitali. Rizini nyingi huja zikiwa zimeshatiwa koboti (dawa inayoisaidia hadena kufanya kazi), ndiyo maana zina rangi ya waridi au zambarau; ukiuziwa koboti kwenye kichupa chake, usiikutanishe na hadena peke yao hata tone, maana hulipuka. Koboti huingia kwenye rizini kwanza, ikorogwe ikubali, ndipo hadena ifuate.

Barakoa ya karatasi huzuia vumbi, haizuii mvuke wa staireni. Tafuta ile ya mpira yenye vichujio viwili vya mvuke wa kemikali. Sigara, jiko la makaa la mama anayekaanga viazi karibu na mlango, na cheche za grainda, vyote vikae mbali. Vumbi la faiba ndilo litakalokunyima usingizi usipovaa mikono mirefu. Jipake poda kwenye mikono na shingo kabla ya kuanza, na ukimaliza oga kwa maji baridi. 

Kuvua ya zamani na kupima

Toa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa. Magari mengi ya aina hii yana kompyuta ya eabegi pale juu ya mgongo wa sakafu, lile tuta la katikati, chini ya konsoli. Nyaya zenye soketi za njano ni zake: usizichomoe, usizipime kwa taa ya fundi umeme, na usigonge nyundo karibu nayo. Konsoli ya zamani usiitupe. Ndiyo itakayokuonyesha matundu ya skrubu yako wapi, na siku gari likiuzwa, mnunuzi ataiulizia.

Kabla ya rizini yoyote, tengeneza mfano wa kadibodi na tepu. Kata bangili tatu za MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 12 za kubeba geji. Geji nyingi za aina hii zina kipenyo cha milimita 52, lakini pima zako, na kumbuka kuwa konsoli itavaa reksini, ile ngozi bandia: ikiwa reksini ina unene wa milimita 1 na itakunjwa kuingia kwenye tundu, tundu la 52 linakuwa 50 na geji haiingii. Toboa 54. Kosa hili hugunduliwa siku ya mwisho, mteja akiwa amesimama mlangoni.

Halafu mwite mwenye gari akae kwenye kiti chake kama anavyokaa anapoendesha, si kama anavyokaa akijua anatazamwa. Shikilia bangili kwa vijiti na gundi ya moto, uzielekeze kulia kidogo, kwa kuwa usukani wetu uko kulia, na umuulize anasoma nini bila kusogeza kichwa. Kisha apitishe gia zote. Gia ya kwanza, ya tatu na ya tano huenda mbele, kuelekea kwenye geji zako. Mwenye Celica ile alipoingiza ya tatu nikasikia "tik". Ilikuwa pete yake ya fedha, ikigonga bangili ya katikati. Mkono mtupu ulikuwa unapita vizuri. Pete ndiyo iliyodai milimita 4 zaidi. Nikasogeza bangili zote mbele milimita 15, mbali na gia, nikamwambia ajaribu tena, haraka, kama ameona nafasi pale Makupa na anataka kuipita matatu.

Breki ya mkono ipande mpaka juu. Mlango wa redio ufunguke. Nyuma ya kila geji acha nafasi ya waya, angalau milimita 30 zaidi ya urefu wa geji yenyewe.

Tako la konsoli, lililofinyangwa juu ya gari lenyewe

Watu wengi hutengeneza umbo zuri la juu halafu chini linaning'inia kama kofia ya kuazima. Dawa yake ni kuuchukua mgongo wa sakafu kama kalibu. Funika viti na zulia kwa plastiki nene. Mgongo wenyewe ubandike tepu ya karatasi mara mbili, mistari ya pili ikikata ya kwanza, juu yake karatasi ya alumini ya jikoni, juu yake nta. Rizini ina tabia ya maji ya mvua: tundu la pini likiwepo italiona kabla yako.

Tandika tabaka mbili za mkeka, ukipita mpaka wa konsoli kwa sentimita 3 kila upande. Milango yote wazi, barakoa usoni. Ikikauka, ing'oe taratibu kwa vipande vya plastiki, chora mpaka kwa kalamu, kata kwa grainda ya jiwe jembamba nje ya gari. Sasa una tako linalokaa pale kama limezaliwa na gari. Rudisha, toboa matundu ya skrubu, kisha pandisha bangili zako kwa vijiti na gundi ya moto juu ya tako hilo. Mwite mwenye gari mara ya pili. Ndiyo, mara ya pili. Kila dakika hapa hukuokolea saa nzima ya msasa.

Flisi

Toa fremu nje. Vuta flisi juu yake kuanzia kwenye bangili kuja chini, uishike kwa stepla au gundi ya haraka kwenye ukingo wa ndani wa tako. Kitambaa kilichovutwa hukupa mapito laini ambayo mkono wako hauwezi kuyachonga. Kinachokishinda ni shimo na kona kali. Ukitaka bonde la kikombe, kata kitambaa pale na ujenge kikombe peke yake. Kunjo moja dogo ukiliacha sasa litakugharimu filla ya nusu kilo.

Changanya gramu 200, loweka kwa brashi ya bei rahisi. Flisi ikishiba hubadilika rangi, inakuwa ya giza na kung'aa kila mahali. Pakibaki panapofifia, hapajashiba. Usisugue, gonga kwa ncha ya brashi. Ukisugua, kitambaa hulegea na umbo lako linashuka tumbo.

Ikishaganda, igeuze. Nguvu ya konsoli hii inatoka nyuma, na ndipo faiba yenyewe inapoingia. Mkeka uchane kwa mkono vipande vya ukubwa wa kiganja, usiukate kwa mkasi: kingo zilizochanika huyeyukiana, kingo za mkasi huacha ngazi. Paka rizini, laza kipande, gonga rizini nyingine juu yake, kisha subiri kama dakika moja. Utauona unga wa mkeka ukiachia na kipande kikizama kwenye kona kama ubwabwa uliotiwa mchuzi. Hapo ndipo ugonge kutoa hewa. Madoa meupe ni hewa au ukavu. Yakiganda humo, mahali hapo patapasuka siku mtu ataegemea. Tabaka mbili, acha zipoe, ndipo ya tatu. Ukiweka zote kwa pamoja kwenye joto letu, zitajipika na kupinda.

Uso wa rizini hii hubaki unanata kidogo kwa sababu ya hewa. Hilo si kosa; tabaka inayofuata hushika vizuri zaidi juu yake. Kunata kwa siku tatu ndilo kosa, na mara nyingi chanzo chake ni mkeka ulionyonya unyevu. Wakati wa masika mimi hufunga mkeka ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na siku ya mvua kubwa sifanyi kazi ya rizini kabisa. Siku hizo ni za msasa.

Iache iive

Hapa ndipo nilipoharibu kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Nilimpa mteja podi zake siku ileile, zimekauka, zimepakwa rangi nyeusi ya kung'aa, anafurahi. Kesho yake alikaa kwenye foleni ya feri ya Likoni, kisha akaliacha gari juani ng'ambo, vioo vimefungwa. Ndani ya gari kama hilo joto huweza kufika nyuzi 60, na kitu cheusi kilicho chini ya kioo hupita hapo. Podi zilirudi zimepinda, rangi imevuta mikunjo, na gari zima linanuka rizini. Nilizitengeneza upya kwa pesa yangu.

Siku hizi konsoli ikishakauka usiku mzima naifunga kwa skrubu kwenye nafasi yake, au juu ya ubao wenye umbo lilelile, naiacha juani siku tatu au nne. Joto la jua linamalizia kuivisha rizini, na kwa kuwa imefungwa haina pa kupindia. Harufu nayo hupungua sana. Baada ya hapo tu ndipo ninapogusa filla.

Filla, msasa, filla, msasa

Mjue mapema: kazi ya faiba ni siku mbili, msasa ni wiki. Anza na msasa nambari 80 kuondoa manyoya ya flisi. Kwa pasi ya kwanza mimi huchanganya filla na rizini nusu kwa nusu, kila moja na hadena yake, inakuwa uji mzito unaojaza vitundu vidogo bila kuacha mapovu. Kisha filla tupu kwenye mabonde, msasa 80 kwenye kipande cha mbao, 120, 180.

Macho hudanganya kwenye kitu cha rangi tatu tofauti. Pulizia vumbi jepesi la rangi nyeusi juu yote, piga msasa. Panapobaki peusi ni bonde, panapotoka mara moja ni kilima. Halafu weka kipande cha leso kuukuu chini ya kiganja, ufumbe macho, upitishe mkono polepole. Kiganja kitakuambia kilichofichwa na macho. Usitumie msasa wa maji juu ya filla tupu, maana hunyonya maji na kwa unyevu wa huku yatachelewa kutoka. Rangi itakuja kuvimba baadaye. Praima kwanza, ndipo 400 kwa maji.

Kuivalisha

Wateja wengi huomba rangi nyeusi ya kung'aa. Mimi huwabishia. Inashika alama za vidole, inarudisha jua kwenye kioo cha mbele, na kila kosa la msasa wako linasomeka kutoka barabarani. Reksini isiyong'aa, au kitambaa cha mfano wa suedi, husamehe mengi na hukaa vizuri kando ya dashibodi ya kiwanda. Mpelekee fundi wa viti kama huna mkono wa kuvuta kona, hakuna aibu. Ila gundi uinunue wewe: ile inayostahimili joto, ya dari za magari. Gundi ya kawaida ya viatu hushika vizuri karakanani, halafu juani reksini inaachia kwenye kila bonde.

Nyaya za geji zipitie fyuzi yake mwenyewe, usidandie waya wa redio. Pale faiba inapogusana na plastiki ya gari, bandika ukanda mwembamba wa povu, la sivyo barabara ya Magongo itakuimbia njia nzima. Skrubu kaza kwa mkono, zitulie tu. Mwambie mwenye gari aache vioo wazi kidogo wiki ya kwanza, na arudi baada ya wiki mbili uzikaze tena, kwa sababu povu litakuwa limeshalala na kelele ndogo ya kwanza huanzia hapo, upande wa kushoto karibu na breki ya mkono mara nyingi.